Rhodes, kisiwa kilichohamia Katanga

Yaya huhesabu ngazi. Kila anapopanda au kushuka, midomo yake hucheza: uno, dos, tres, kuatro, sinko, sesh. Nimemsikia akihesabu hivyo stesheni ya treni, nimemsikia kwenye jengo ninalokaa siku lifti ilipoharibika, na Julai ya 2024 nilimsikia tena akishuka kwenye ndege, usiku, tulipotua Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, na joto lake likatupanda usoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Niliwahi kumwuliza hiyo ni lugha gani. Akanambia ni ya mama yake, na mama yake aliiokota dukani. Nikaishia hapo. Watu wa Lubumbashi wana Kifaransa, wana Kibemba, wana Kiluba, wana Kiswahili chao; nikadhani na hilo ni mojawapo.

Namwita Yaya kwa sababu kwao ndivyo anavyoitwa dada mkubwa. Mimi nimezaliwa Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja. Yeye amezaliwa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, kule Katanga, Kongo. Tulijuana Brussels, zaidi ya miaka kumi sasa, kwenye foleni ya ofisi ya serikali, aliponisikia namgombeza mwanangu kwa Kiswahili akageuka na kucheka kwa furaha. Tangu siku hiyo ni ndugu.

Safari ilikuwa wazo langu. Mtu aliyelelewa akiisikia bahari kutoka kitandani hawezi kukaa miaka Ulaya ya katikati asitamani chumvi. Nilitaka kisiwa chenye mji wa kale na ufukwe vyote pamoja, na Rhodes kinavyo. Yaya alitaka ufukwe tu.

Asubuhi ya kwanza tukaenda Elli, ufukwe wa mjini, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa. Ng'ambo ya maji milima ya Uturuki inaonekana wazi. Ni kilomita 18 hivi tu. Yaya alitegemea mchanga. Elli ni ufukwe wa mbwe, vile vijiwe vilivyosuguliwa na mawimbi mpaka vikawa laini kama mayai ya njiwa, vyeusi, vyeupe na vya kijivu, na kila wimbi linaporudi huvivuta vikalia kama mchele unaopetwa kwenye ungo. Nilikaa nikisikiliza sauti ile muda mrefu.

Halafu nikaanza kusubiri maji yapwe. Ni mazoea, kwetu bahari ina saa zake, na hata mtoto anajua leo ni bamvua au maji mafu. Nilisubiri mpaka adhuhuri. Hayakupwa. Mediteranea karibu haina kupwa na kujaa kwa kuonekana na macho. Maji hupanda na kushuka kidogo tu, basi. Jambo hili lilinishangaza kuliko majumba yote niliyoyaona baadaye, maana ghafla nilielewa mji. Ndiyo maana ukuta wa ngome unaingia mpaka ukingoni mwa maji, ndiyo maana watu wanaweka meza za chakula hatua mbili kutoka baharini wala hawaziondoi. Hakuna pwani inayofunuliwa, kwa hiyo hakuna kinamama wanaokwenda kuokota chaza wala kulima mwani. Bahari ya kule haiwapi watu nafasi ya kutembea ndani yake. Wao hukaa kandokando yake.

Alasiri tukaingia mjini, ndani ya ukuta. Ukuta wenyewe una urefu wa kilomita 4 hivi, na nje yake kuna handaki pana, kavu, lenye miti na majani, ambamo mtu anaweza kutembea akazunguka mji kwa chini. Mle handakini kuna mawe ya mizinga, ya duara, makubwa kama matikiti maji, yamelala tu pale yalipo. Nililishika moja. Lilikuwa la moto kwa jua.

Mji ulianzishwa mwaka 408 KK, miji mitatu ya kisiwa, Lindos, Ialysos na Kameiros, ilipoamua kujenga mji mmoja. Mwaka 305 KK ukazingirwa na Demetrius wa Makedonia. Aliposhindwa akaondoka na kuacha zana zake za vita, wenyeji wakaziuza, na kwa fedha hizo wakamsimamishia mungu wao wa jua, Helios, sanamu ya shaba nyeusi ya mita 33 hivi. Chares wa Lindos aliifanya kazi hiyo kwa miaka 12. Tetemeko la mwaka 226 KK likaivunja magotini. Leo kwenye mdomo wa bandari ya Mandraki kuna nguzo mbili zenye paa dume na jike juu yake, na watalii huwapiga picha hao.

Mji unaoonekana sasa ni wa askari watawa wa Mtakatifu Yohana, waliokiteka kisiwa mwaka 1309 na kukaa zaidi ya miaka 200. Mtaa wao, Ippoton, unapanda mlima ukiwa umenyooka, umetandikwa mawe, na kila upande kuna nyumba walimolala kwa mataifa yao: Wafaransa, Waitalia, Wahispania, na wengine. Ni mtaa safi mno. Hauna duka, hauna kamba ya nguo, hauna paka hata mmoja, nami sikuzoea mtaa wa mawe usio na baraza la kukaa wazee. Nyumba ya Wafaransa, iliyo nzuri kuliko zote, ni ya mwaka 1492. Yaya alipita akihesabu. Nikaushika mwaka ule kichwani bila kujua kwamba nitauhitaji.

Juu kabisa liko kasri la mkuu wao. Kwa kweli lile la asili liliharibiwa na mlipuko wa baruti mwaka 1856. Hili la sasa lilijengwa upya na Waitalia, waliokuwa wakitawala kisiwa wakati huo, kati ya 1937 na 1940, na mozaiki za kale zilizotandikwa vyumbani zililetwa kutoka kisiwa cha Kos. Mlangoni bado kuna kibao chenye jina la Mussolini. Nilitembea vyumba vile nikiwa na huzuni isiyo na jina. Beit al-Ajaib yetu ya Unguja ilianguka ubavu mmoja Desemba 2020, nami naomba kila siku isimame tena, lakini mle ndani niliona kwamba jengo linaweza kurudishwa likawa refu, zima, linang'aa, na bado likawa la yule aliyelijenga jana.

Nilichokipenda kiko chini, kwenye vichochoro. Mwaka 1522 Sultani Suleiman alikizingira kisiwa miezi sita. Tarehe 1 Januari 1523 wale askari watawa wakaondoka na meli zao. Waosmani wakakaa mpaka 1912. Wagiriki waliamriwa kuishi nje ya ukuta. Mchana waliingia kufanya biashara, jua likizama wanatoka. Ndani wakabaki Waislamu na Wayahudi. Kwa hiyo ukipotea kwenye vichochoro unakutana na minara, na hamamu, na maktaba ya Hafiz Ahmed Agha ya mwaka 1793 yenye misahafu ya mkono, na matao yanayovuka kutoka nyumba hadi nyumba ili kuta zisaidiane tetemeko linapokuja. Msikiti wa Suleiman, wa rangi ya waridi, hausaliwi tena. Niliswali kwenye msikiti wa Ibrahim Pasha, na mzee mmoja aliyekuwa akikunja mikeka akaniuliza kwa ishara natoka wapi. Nikasema Zanzibar. Akaweka mkono kifuani.

Karibu na hapo tulikula pitarudia, na hapo Yaya akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu tufike. Ni bajia. Ni bajia za dengu kubwa, zenye kitunguu, nyanya na nanaa, zimekaangwa mpaka ukingo ukawa mkavu. Baadaye tukapewa melekuni, ufuta na asali vilivyokatwa vipande, ambavyo kisiwani hugawiwa harusini. Mtu yeyote aliyekula kashata za ufuta angejua ameketi kwa watu wanaomfaa.

Siku ya tatu tulipanda basi la Lindos, mwendo wa kilomita 50 hivi upande wa mashariki. Nyumba nyeupe zimejibana chini ya jabali, na juu ya jabali, mita 116 kutoka baharini, kuna nguzo za hekalu la Athena. Punda hubeba watalii hadi juu. Sisi tulipanda kwa miguu, Yaya akihesabu mpaka pumzi ikamwishia. Kabla ya ngazi za mwisho kuna kitu ambacho wengi hukipita wakikimbilia mandhari: merikebu iliyochongwa kwenye mwamba. Ni tezi lake tu, limejipinda kama shingo ya bata, urefu wake mita kadhaa, na juu yake ilisimama sanamu ya jemadari. Ilichongwa katika karne ya pili kabla ya Kristo. Nikasogea karibu, nikafuata kwa macho mstari wa mbao, na mahali pa kasia.

Pwani yetu nako watu wa kale walichora vyombo kwenye chokaa ya kuta, Kilwa na Gedi, michoro midogo ya msumari, mlingoti na tanga. Sijui kwa nini mabaharia wa kila bahari wanataka chombo chao kibaki ukutani. Huenda ni kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kinachopotea.

Kurudi tukashuka Tsambika, na Yaya akapata mchanga wake hatimaye, mwingi, wa dhahabu, maji ya magotini mpaka mbali. Alilala chali majini saa nzima. Sina zaidi la kusema juu ya Tsambika. Ilikuwa raha tupu.

Mahali nilipotaka kukufikisha, msomaji, ni pembe ya mashariki ya mji wa ndani, panapoitwa Juderia. Ukishuka na mtaa wa maduka unatokea uwanja mdogo wenye chemchemi ya farasi wa baharini. Meza za mikahawa zimeuzunguka, watoto wanarushiana maji. Katikati ya miti kuna nguzo fupi ya jiwe jeusi, imeandikwa kwa lugha kadhaa, na juu yake watu wameweka vijiwe. Vilikuwa mbwe. Mbwe za Elli.

Uwanja huo unaitwa Uwanja wa Mashahidi Wayahudi. Julai 1944 Wajerumani, walioshika kisiwa tangu mwaka uliotangulia, waliwakusanya Wayahudi wote wa Rhodes, zaidi ya 1,600, wanaume, wanawake, watoto wachanga, vikongwe, na tarehe 23 wakawapakia mashuani. Mashua hadi Piraeus, kisha treni hadi Auschwitz. Waliobaki hai ni 151. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwatoa zaidi ya 40 mikononi mwa Wajerumani kwa kudai kwamba ni raia wa nchi yake. Tulikuwa tumefika miaka 80 kamili tangu siku zile, na hatukujua. Tulikuja kuogelea.

Sinagogi liko hatua chache kutoka hapo. Linaitwa Kahal Shalom, ni la mwaka 1577, na ndilo kongwe kuliko yote yaliyobaki Ugiriki. Kwa nje ni mlango tu ukutani, kama msikiti mdogo wa mtaani kwetu ambao mgeni angeupita asiujue. Ndani kuna matao, taa za kuning'inia, na sakafu. Nitakueleza sakafu. Ni mbwe nyeusi na nyeupe, moja moja, zimesimamishwa kwa ubavu kwenye chokaa, zimepangwa zikawa maua na duara. Wenyeji huita hohlaki, na ukishaijua utaiona kisiwa kizima, kwenye nyua za nyumba za Lindos, kwenye makanisa, kwenye hamamu. Vijiwe vile vile vinavyolia ufukweni. Vimesuguliwa na miguu mpaka vikateleza kama vilivyopakwa mafuta, na mbele ya kiti cha msomaji vimeliwa zaidi, kwa kuwa hapo ndipo watu walisimama kwa karne nne.

"Yaya," nikamwita, "hebu tazama chini, ni mbwe zile zile."

Yeye alikuwa akishuka vidaraja vya uani. "Sesh, siete, ocho, mueve."

Kwenye benchi alikuwa ameketi bibi wa miaka themanini na kitu, kofia ya jua mapajani, kijana mmoja pembeni yake. Akainua kichwa. Alimtazama Yaya, akanitazama mimi, akamtazama tena Yaya.

"Mulitoka ku Lubumbashi?" akauliza.

Si Kiswahili cha kujifunza vitabuni. Kilikuwa Kiswahili cha Kamalondo, chenye *ku* yake na mwendo wake, kikitoka kwenye mdomo wa bibi wa Kizungu katika ua wa sinagogi Ugiriki. Yaya aliketi pale pale, kwenye kidaraja, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Miye nilizaliwaka kule," akasema yule bibi.

Basi tukasikia. Wazee wake walikuwa wa Juderia. Mababu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492, mwaka ule ule niliousoma kwenye Nyumba ya Wafaransa, wakapokewa kwenye nchi za Waosmani, na baada ya Suleiman kuichukua Rhodes wakaletwa hapa. Karne nne na zaidi waliongea Kihispania chao kisiwani. Mwanzoni mwa karne ya ishirini maisha yakawa magumu, vijana wakaanza kuondoka, na njia moja iliwapeleka Afrika ya kusini, kisha juu kwa reli mpaka Katanga, kwenye mji mpya wa migodi ulioanzishwa mwaka 1910, Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Mmoja akifika humwita ndugu yake. Mwaka 1938 Waitalia walipotangaza sheria za ubaguzi wa rangi, waliokuwa na ndugu Kongo wakaondoka. Baba yake alikuwa miongoni mwao. Babu na bibi yake walibaki, kwa sababu nyumba ilikuwa yao na mti wa ndimu uani ulikuwa umeanza kuzaa.

Lubumbashi bado kuna sinagogi lao. Na wapenzi wa mpira wanamjua mtoto mmoja wa ukoo huu bila kujua: Moïse Katumbi, rais wa TP Mazembe na gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa Rhodes.

"Lakini weye," yule bibi akamwambia Yaya, "nani alikufundisha *mueve*?"

Yaya akaeleza: mama, duka, hesabu. Bibi akamshika mkono. Mhispania husema nueve, akatueleza. Ni watu wao tu wanaosema mueve, na sita kwao ni sesh. Ukisikia mtu amehesabu hivyo, akasema, "jua njo mutu wetu." Kijana aliyekuwa naye, mjukuu, hakuelewa Kiswahili wala hakuelewa kwa nini wanawake watatu wanalia, akaenda kututafutia maji. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya kumbukumbu ya miaka 80. Wakati wa kuagana tuligundua kwamba yeye na Yaya wanakaa Brussels, vituo vinane tu vya tramu kati yao.

Nilibaki uani peke yangu kidogo. Mtaani kwetu Malindi kuna nyumba ambazo milango yake ya nakshi ina herufi za wenyewe, watu ambao bibi yangu aliwapelekea sahani za futari na wao wakamletea mithai, na ambao mwaka 1964 waliondoka wasirudi. Nimepita mbele ya milango ile utoto wangu wote. Nimeisifu kwa wageni, nimeeleza mti wake na misumari yake. Sikuwahi kumwuliza bibi majina ya waliokuwa wakiifungua.

Jioni tuliketi kwenye ukuta wa bandari, miguu ikining'inia juu ya maji yasiyopwa. Yaya akampigia mama yake simu. Mtandao ulikatika mara mbili. Mama ana miaka themanini, anaongea kwa sauti ya juu kana kwamba Lubumbashi ni lazima isikike mpaka Ugiriki kwa nguvu za mapafu.

"Mama, hesabu."

"Nihesabu nini?"

"Kama dukani."

Akahesabu. Nikamwona kwenye kioo cha simu: mkono mmoja puani, mwingine ukanyooka mpaka mwisho, akipima kitenge ambacho hakipo. Uno. Dos. Tres. Kila namba mkono ukifunguka. Sesh. Mueve. Alipofika diez akacheka, akasema hivyo ndivyo mwenye duka alivyokuwa akipima, na wao watoto walikaa kizingitini wakimwigiza mpaka akawapa peremende. Walidhani ni Kigiriki.

Yaya akamweleza tulikokuwa mchana. Akamweleza uwanja, jiwe jeusi, mashua. Mama akakaa kimya, nasi tukadhani mtandao umekatika tena.

Kisha akasema kwamba kila mwaka kulikuwa na siku moja duka halifunguliwi. Hawakuambiwa kwa nini. Walikwenda kuchungulia kwenye upenyo wa mlango, na mle ndani, juu ya meza ya kupimia vitambaa, paliwaka taa ndogo, na yule mzee ameketi kwenye kigoda bila viatu.

"Mwezi gani, mama?"

"Ya baridi," akasema. "Mwezi ya saba."